Ruhusa ya Kufuta

"Ruhusa ya kiwango gani?" meneja Anselm aliuliza, na swali hilo nusura livunje mkutano.

Wajumbe walikuwa wamebanana kwenye mabenchi katika ofisi ya Umoja wa Wakulima wa Alizeti, chumba na nusu nyuma ya ghala, mjini Singida. Walikuwa wamekwisha piga kura. Folda ya Wanunuzi ifunguliwe kwa matawi yote matatu: Mungaa, Kiomboi na Shelui. Mikono iliinuka mpaka makwapa yakaonekana. Na sasa huyu bwana, badala ya kufungua, anauliza kiwango!

Anselm akageuza kioo cha kompyuta kiwatazame. "Ruhusa ina ngazi, ndugu zangu. Mtu anaweza kupewa kusoma tu. Anaweza kupewa kusoma na kuandika. Ngazi ya tatu anaweza kufuta, na kuhamisha barua kuipeleka kwingine. Halafu juu kabisa yuko mmiliki, anayegawa ruhusa na kuzinyang'anya."

"Weka zote!" alipaza sauti Moses, kijana mwakilishi wa Shelui.

"Zote! Zote!" mabenchi yakaitikia.

Loyce, Mama Eliana, akasimama. Alikuwa mwakilishi wa Mungaa, mwanamke wa darasa la saba, aliyejisomea mengine yote kwenye magazeti ya kufungia sukari na kwenye redio ya mumewe. Akisimama mkutanoni, wenye viti huvuta viti nyuma.

"Meneja," alisema, "wewe ukimkaribisha mgeni ugali, unamwambia tafuna lakini usimeze?"

Ofisi ikalipuka kwa kicheko. Anselm hakucheka. "Mama Eliana, nawaonya. Folda ni moja. Akifuta mmoja, wamefutiwa wote."

"Mnamsikia? Alipokuwa anafuta peke yake, kufuta kulikuwa kazi ya ofisi. Tukija sisi, kufuta kumekuwa kisu cha kuwaficha watoto!"

Mzee Simeoni, mwenyekiti, akagonga meza. Meneja akabonyeza anachobonyeza. Majina ya matawi yakajipanga kwenye kioo, na mbele ya kila jina ruhusa ya kusoma, kuandika na kufuta. Ile ngazi ya juu kabisa, ya mmiliki, ilibaki kwa Anselm. Katika kelele zile hakuna aliyeiuliza. Loyce alipiga kigelegele kikagonga mabati kikarudi, na mzee Simeoni akasema, "Mama, hapa si harusini," naye huku anacheka.

Mtu asiyejua atauliza: kigelegele cha nini, kwa folda? Basi na ajue. Barua zote za wanunuzi wa alizeti ziliingia kwenye kompyuta moja kubwa iliyoachwa pale na wazungu wa mradi. Tawi la Kiomboi lilikuwa na kompyuta ndogo, Shelui nyingine, zote zikiunganishwa na ile kubwa kwa waya wa simu. Mungaa haikuwa na waya wala kompyuta, hivyo Loyce angelazimika kudandia lori kuja kutumia ya ofisini. Kompyuta zilikuwapo. Jicho lenye ruhusa lilikuwa moja tu, la Anselm. Alisoma yeye, akachapa kwenye karatasi kile alichoona kinafaa, wengine wakasomewa.

Na msimu uliopita wakamuaji mafuta wa Arusha waliuliza kama Umoja unaweza kukusanya mzigo wa pamoja kutoka matawi yote. Anselm aliwajibu hapana. Hakuficha, alisema mwenyewe mkutanoni kwamba aliona matawi hayataweza kukubaliana. Aliona! Nani alimtuma aone? Mwaka ule alizeti yote iliishia kwa wachuuzi wa malori, wale wanaokuja na gunia lao la lumbesa, wanalishindilia kwa goti, wanalishonea kilemba cha wavu juu, halafu wanakuambia hilo ni gunia moja, mama, soko ni huria.

Soko huria. Loyce alikuwa na kumbukumbu ya tembo kwa maneno ya namna hiyo. Ushirika ulipovunjwa kwa tamko la kutoka juu, alikuwa msichana akichota maji. Uliporudishwa, kwa tamko jingine la kutoka juu, alikuwa na mtoto mgongoni. Ukafa tena taratibu kama mgonjwa wa kifua, na mizani ya ushirika ikachukuliwa kijijini isirudi tena. Mara zote waliamua watu waliosoma barua ambazo wakulima hawakuziona. Ndiyo maana ya kigelegele.

Jumatano asubuhi Loyce alirudi ofisini, akavuta kiti, akafungua folda kwa kidole kimoja. Barua ilikuwapo! Akaisoma, akaisoma tena, akasimama, akaketi.

"Meneja! Ni wale wa Arusha! Wamerudi!"

Anselm alikuja mbio na kikombe cha chai mkononi. Walikuwa wamerudi kweli. Walitaka mzigo wa pamoja wa matawi matatu, kila tawi litaje lina magunia mangapi. Wangepima kwa mizani, si kwa lumbesa. Hilo walikuwa wameliandika wenyewe. Jibu liwafikie Ijumaa kabla ya saa kumi jioni, na lijibiwe kwa kuandika juu ya barua hiyohiyo, maana ilikuwa na namba ya oda yao. Jibu lisilo na namba hiyo wasingelishughulikia.

"Kwa mizani," Loyce alinong'ona. Halafu akapaza sauti hadi wapakiaji wa ghalani wakachungulia. "Kwa mizani, jamani!"

"Niichape?" Anselm aliuliza.

"Ya nini? Si iko kwenye folda? Sasa hivi Selina anaisoma Kiomboi, na Moses anaisoma Shelui. Karatasi zako zimestaafu, baba."

Akaondoka kwenda Mungaa kuhesabu magunia nyumba kwa nyumba. Watu walikuwa wanamsubiri milangoni kabla hajabisha.

Ijumaa asubuhi alifika mjini na idadi yake kichwani. Akaingia ofisini akisalimia kwa sauti ya ushindi, akavuta kiti, akafungua folda.

Ilikuwa tupu.

Akaifunga. Akaifungua tena. Tupu kama ghala la mwezi wa pili.

"Anselm!" Hakumwita meneja. "Umeifanya nini?"

"Nini tena, mama?"

"Barua. Umeifuta."

Anselm akainama kutazama, na uso ukamshuka. "Sijaigusa. Haki ya Mungu sijaigusa."

"Mwaka jana ulijibu hapana kwa mdomo wetu. Mwaka huu umeona kujibu ni kazi, ukafuta kabisa. Nani mwenye ile ngazi ya juu? Nani mmiliki?"

"Mimi ndiye mmiliki, ndiyo. Lakini ruhusa ya kufuta mnayo wote! Mliidai wenyewe, wewe ukiwa mbele na ugali wako!"

Hapo ndipo Selina alipoingia, mwakilishi wa Kiomboi, akitoka stendi na vumbi la basi begani. Hakusubiri kuketi. "Shikamoo dada Loyce. Na hapa imepotea? Jana asubuhi niliiona. Mchana narudi nimalizie kuisoma, haipo. Usiku mzima sijalala, nikadhani nimeharibu kitu."

Mzee Simeoni naye akatokea mlangoni, amevaa koti la mkutano. Wote wakamwamkia. Akaelezwa. Akashika kiuno.

Anselm alikuwa wa kwanza kupata maneno. "Mwenyekiti, nisikilizwe. Siku nne tu, na folda imeliwa. Mimi nilipewa dhamana na mradi. Leo hii narudisha ilivyokuwa. Nitasoma mimi, nitachapa, kila tawi litapata karatasi yake. Watu wa Arusha nitawaandikia kuomba radhi."

Loyce akasimama kati yake na kompyuta. Alijua kufungwa kwa vitu. Mizani ilipoondolewa Mungaa waliambiwa ni kwa matengenezo. Folda hii ikifungwa leo, kwa sababu nzuri kama hii, hata Eliana mwanawe hataiona ikifunguliwa.

"Usiguse hiyo kompyuta," alisema. "Bado Moses hajaulizwa."

Mzee Simeoni akatoa simu yake ya mkononi, akapiga ofisi ya Shelui. Inatumika. Akapiga tena. Inatumika.

"Anaongea na nani asubuhi yote hii?" Selina akauliza.

"Haongei na mtu," Anselm akajibu kwa uchungu. "Laini ni moja. Ameingia kwenye kompyuta."

Wakapiga, wakapiga, mpaka mzee akalalamikia salio. Mwishowe ikaita. Akabonyeza sauti ya nje, na Moses akasikika, mchangamfu kama jogoo.

"Shikamoo mwenyekiti! Magunia yetu nimeshayahesabu!"

"Marahaba. Mwanangu, kuna barua ya Arusha imepotea kwenye folda. Wewe umeiona?"

"Haijapotea, mzee. Ninayo."

"Unayo vipi?" Loyce akaidaka simu. "Moses, unayo vipi?"

"Shikamoo mama. Nimeiingiza ndani. Jana niliona imekaa tu pale uwanjani, kila mtu anapita, kila mtu ana ruhusa ya kufuta. Nikasema barua nzuri namna hii italala nje? Nikaivuta nikaiweka kwenye folda yangu, hapa Shelui. Iko salama kabisa, mama, hakuna mkono utakaoigusa."

Selina akaanza kucheka, mabega yakitetemeka, na mzee Simeoni akafuata, akicheka hadi akatafuta benchi. Kwa maana nani kati yao asingefanya vile? Jua likizama, ndama haachwi uwanjani. Anaingizwa nyumbani, analala na watu, fisi abaki na njaa yake. Na ukimkuta ndama wa jirani amezubaa nje, unamwingiza kwako, kesho atachukuliwa. Hiyo ni adabu. Moses alikuwa ameifanyia barua adabu.

"Wewe kijana wa barabarani," Selina akafoka kwenye simu, machozi ya kicheko yakimtoka, "umetulaza macho Kiomboi nzima! Mtoe nje huyo ndama wako!"

"Kwani hamkuiona kwangu?"

"Tungeionaje kwako? Kwako sisi tuna ruhusa?"

"Ah," akasema Moses. Kisha, polepole, "Aaah! Basi subirini. Nakata simu niingie tena."

Wote wanne wakainamia kioo. Kwenye folda, weupe mtupu. Feni ya kompyuta ikavuma. Mzee Simeoni alikuwa anapumulia sikio la Loyce na wala Loyce hakusogea. Mara mstari mmoja mweusi ukachomoza juu, na jina la kampuni ya Arusha, na namba ya oda yao.

"Hiyo!" wakapiga kelele pamoja, hata Anselm.

Loyce akamgeukia. "Meneja, nilikuita mfutaji mbele za watu, na hukufuta. Hilo nalirudisha."

"Nimelipokea," Anselm alisema. "Sasa tujibu haraka, halafu nirudishe ruhusa kama zamani. Mmejionea wenyewe."

"Hapana."

"Hapana nini, mama?"

"Ruhusa kwanza. Jibu baadaye."

Selina akashika kichwa. "Dada Loyce, saa kumi! Wale watu hawasubiri!"

"Najua. Ndiyo maana nasema sasa. Tukishajibu, kila mtu atakimbilia stendi, na kesho tutakuta kufuli. Nawajua wenye kufuli, Selina. Hawafungi siku ya njaa, wanafunga siku ya shibe." Akageuka kwa mzee. "Mwenyekiti, baba yangu aliwekewa ng'ombe na mtu wa Ikungi, amtunzie. Unajua mambo hayo."

"Nina ng'ombe saba kwa watu, mpaka leo," mzee akasema.

"Haya. Uliyemwekea anakamua?"

"Anakamua. Maziwa yake, samadi yake."

"Anachinja?"

"Achinje ng'ombe wangu? Nitamla yeye!"

"Anampeleka kwenye zizi la mtu mwingine?"

"Bila kuniambia, hapana. Na ng'ombe akifa, aniletee ngozi nione."

"Basi siku ile tulidai zote tukakosea, na mimi nilikuwa mbele, kama meneja alivyosema. Folda hii matawi yakamue. Yasome, yaandike. Kuchinja, hapana. Kuhamisha, hapana. Nakubali. Ondoa, meneja."

Anselm akapumua, akanyoosha mkono kwenye kompyuta. Uso ulikuwa umemrudia rangi.

"Na wewe uondoe yako," Loyce akamalizia.

Mkono ukasimama hewani.

"Mimi ni mmiliki."

"Wewe ni mwekewa! Ng'ombe ni wa nani, mwenyekiti? Mchungaji akianza kujiita mwenye ng'ombe, kwenu anaitwaje?"

"Kwetu haitwi," mzee akasema, "anafukuzwa." Lakini akamtazama Anselm kwa huruma kidogo, maana alikuwa mtu wa kazi. "Ila Mama Eliana, kompyuta lazima iwe na mwenyewe. Nikiwa mimi, sijui hata kuiwasha. Ukiwa wewe, Kiomboi watasema Mungaa wametutawala."

"Watasema leo leo," Selina akaunga.

"Wawe watatu," Loyce akasema. Hakuwa amelipanga, lilimjia likiwa moto na akalisema likiwa moto. "Meneja, unaweza kutengeneza jina jipya la mmiliki, lenye paswedi yake?"

"Ninaweza."

"Paswedi iwe ndefu. Mwanzo nitauandika mimi, nyie mkiangalia ukutani. Katikati Selina. Mwisho Moses. Mtu akitaka kufuta, au kubadilisha ruhusa ya mtu, atuite wote watatu hapa tukae kitako tuulizane. Mmoja akikataa, haifutiki."

Anselm akatikisa kichwa. "Na mmoja akisahau kipande chake? Hata mimi sitaweza kuwasaidia."

"Wewe uliwahi kusahau tarehe ya kutudai mkopo wa mbolea?"

"Na akifa?"

"Atarithiwa," mzee Simeoni akasema, na Selina akacheka tena.

"Moses yuko Shelui."

"Lori zinapita Shelui kila saa kwenda popote duniani," Loyce akajibu. "Mpigie. Mwambie adandie la kwanza."

Anselm akaketi. Akatazama ile barua, mstari mweusi peke yake juu ya kioo cheupe. Naye alikuwa amehangaika kutafuta wanunuzi misimu mitano. Loyce aliliona hilo usoni mwake, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba mtu huyu aliitaka oda ile kama wao.

"Mpigieni," Anselm akasema. "Upesi, kabla hajaingia tena kwenye laini."

Zikafuata saa za kuchungulia barabarani. Selina alienda mlangoni akarudi, akaenda akarudi, mpaka wapakiaji wakamuuliza kama anasubiri mchumba. Saa nane ikapita. Saa tisa ilipokaribia, lori la vitunguu likapunguza mwendo mbele ya ghala, na Moses akaruka kabla halijasimama, nywele zimejaa vumbi, ananuka vitunguu toka kichwani hadi viatuni.

"Ndama mzima?" akauliza.

"Mzima. Njoo umfungie."

Anselm akatengeneza jina jipya. Wakaliita Wenyewe. Loyce akaketi wa kwanza. Wengine wakageukia ukuta kama watoto wanaocheza kujificha, mzee Simeoni naye, pua kwenye kalenda. Kidole kimoja, herufi baada ya herufi, kila moja ikigeuka nyota kwenye kioo. Akampisha Selina. Selina akampisha Moses. Kisha wakarudia yote, maana kompyuta ilitaka kuhakikisha, na safari hii vidole vya Moses vikateleza, ikakataa, Selina akamwita jina ambalo halifai kuandikwa. Mara ya tatu ikakubali.

Anselm akaondoa ruhusa ya kufuta kwa Mungaa, Kiomboi na Shelui. Halafu akafika kwenye jina lake mwenyewe. Akajipunguza: kusoma, kuandika. Akabonyeza.

"Jaribu," Loyce akasema.

"Nijaribu nini?"

"Jaribu kuifuta."

"Mama, na ikifutika kweli?"

"Ikifutika tutajua ulitudanganya."

Selina akafumba macho. Anselm akaichagua barua ya Arusha, akabonyeza kufuta. Kompyuta ikatoa mlio mfupi, na kijisanduku kikaruka katikati ya kioo. Akakisoma kwa sauti, kama mtu anayejisomea hukumu na kugundua haiumi.

"Huna ruhusa ya kufanya hivyo."

Kelele iliyotoka pale ilimfanya mlinzi wa ghala aje na rungu. Moses alikuwa amemrukia mzee Simeoni. Loyce alipiga kigelegele, na safari hii mwenyekiti hakumkataza. Alikuwa anapiga meza kwa viganja viwili.

"Saa!" Selina akapiga yowe. "Jamani, saa!"

Wakamrudisha Anselm kwenye kiti, maana yeye ndiye mwenye vidole vya haraka. Akaanza kuandika. Mungaa, akaandika, na idadi yake.

"Kwa nini Mungaa mwanzo?" Selina akauliza.

"Andika Shelui mwanzo," Moses akadakia, "lori la Arusha litapitia wapi?"

"Lipitie Shelui likienda Arusha? Wewe ramani ya wapi hiyo?"

"Andika yeyote!" mzee akanguruma. "Andika!"

Mungaa ikabaki mwanzo kwa kuwa ilikuwa imeshaandikwa. Kiomboi ikafuata, kisha Shelui. Chini, Loyce akadai uongezwe mstari mmoja: tunakubali mizani, na mwakilishi wa kila tawi atasimama pembeni yake wakati wa kupima. Anselm aliandika bila kubadili neno. Akauliza, "Nitume?" na wote wanne wakasema subiri, wakasoma tena kwa midomo inayocheza.

"Tuma."

Simu ikalia ile sauti yake ya kukwaruza, ikanyamaza, na jibu likaonekana kwenye folda, chini ya barua ya Arusha, likiwa na majina ya matawi matatu. Ilibaki robo saa na ushee. Hakuna aliyesogea. Moses alikuwa bado ameshika bega la Anselm.

"Sasa," akasema mzee Simeoni, akijifuta jasho kwa kola ya koti, "wakijibu, nani ataisoma wa kwanza?"

"Kiomboi," Selina akasema papo hapo. "Naamka mapema kuliko nyie wote."

"Utaamka mapema na laini yenu ile?" Moses akadakia. "Mimi nalala ofisini!"

Loyce alikuwa ameshavuta kiti karibu na kioo, ameketi, ameweka mkoba miguuni, na lori la mwisho la kwenda Mungaa lilikuwa linapiga honi nje.